Mabadiliko ya Mtindo wa Nathari katika Riwaya za Euphrase Kezilahabi, 1971–1991

Katika muda wa miaka 20 Euphrase Kezilahabi alichapisha riwaya sita: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991). Msomaji anayemaliza ya kwanza na kuchukua mara moja ya mwisho anaweza kudhani kwamba ameshika kitabu cha mtu mwingine. Katika ile ya kwanza anajua yuko kijiji gani, kwa familia ipi, na kwa nini binti amechapwa. Katika ile ya mwisho anaifuata sauti isiyo na jina kupitia mahali pasipokuwa katika ramani yoyote, na mambo hutokea bila mtu kumweleza sababu yake.

Uhakiki wa Kiswahili umeizoea tofauti hiyo kwa kuzigawa riwaya hizi katika mafungu mawili, yaani nne za kihalisia na mbili zinazokiuka uhalisia. Mgawanyo huo unasaidia darasani. Kasoro yake ni kwamba unayafanya mabadiliko yaonekane kama mkato wa ghafla uliotokea mahali fulani kati ya 1979 na 1990, na kutokana na hapo huzaliwa lawama inayosikika mara kwa mara miongoni mwa wanafunzi na hata baadhi ya walimu: kwamba mwandishi aliyeanza kwa kuwaandikia watu wa kawaida aliishia kuwapa kisogo na kuwaandikia wasomi wenzake. Lawama hiyo si ndogo. Ikiwa ni ya kweli, basi jaribio kubwa la nathari ya Kiswahili katika karne ya 20 lilikuwa ni kujitenga na wasomaji wa lugha hiyo.

Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Kilichobadilika katika nathari ya Kezilahabi si msamiati, kwa kuwa maneno ya Nagona na Mzingile kwa sehemu kubwa ni mepesi kama yale ya Rosa Mistika, na pengine mepesi zaidi. Kilichobadilika ni viungo vya sentensi pamoja na kazi ambayo msimulizi humfanyia msomaji. Riwaya baada ya riwaya, kwa hatua zinazoweza kufuatwa, Kezilahabi alipunguza maelezo ya sababu, hukumu za msimulizi, majina ya watu na majina ya mahali. Ugumu unaolalamikiwa umo katika nafasi zilizoachwa wazi baada ya vitu hivyo kuondolewa.

Nathari aliyoikuta

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akakulia katika Kikerewe na kusomeshwa katika shule za Kikatoliki kabla ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mambo mawili katika maelezo hayo mafupi yanahusu mtindo moja kwa moja. Kwanza, Kiswahili chake hakikuwa cha mwambao. Hakukirithi pamoja na hazina ya tenzi, mafumbo na madoido ambayo mzaliwa wa Lamu, Mvita au Unguja huyapata barazani kabla ya kuyapata shuleni. Pili, elimu ya kidini ilimpa lugha ya litania, maungamo na katekisimu, yaani lugha ya maswali mafupi na majibu mafupi, ambayo ingerudi katika kazi zake kwa sura asiyoitazamia mwalimu yeyote wa dini.

Kielelezo kikuu cha nathari ya Kiswahili alichokikuta kilikuwa Shaaban Robert. Nathari ya Shaaban Robert hupenda urari: sentensi hupanda na kushuka kama mizani yenye vitanga viwili, sifa moja ikijibiwa na nyingine, na majina ya wahusika, kama Adili, Utubora au Karama, huwa yamekwisha kutoa hukumu kabla mhusika hajatenda lolote. Kezilahabi aliifahamu nathari hiyo kwa undani. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Kwa hiyo ukavu wa sentensi zake mwenyewe haufai kuchukuliwa kuwa dalili ya mtu asiyejua mapambo. Aliyajua, akayasoma, akayaacha.

Msimulizi anayejua yote

Rosa Mistika imesimama juu ya ardhi halisi. Namagondo ya riwaya ina jina la kijiji alikozaliwa mwandishi, na safari za Rosa kwenda Mwanza na Morogoro hupita katika nchi ambayo msomaji wa mwaka 1971 angeweza kuipita kwa meli na basi. Baba, Zakaria, ni mlevi mwenye ukali usio na mpango. Mama, Regina, hubeba mzigo wa nyumba. Barua ya mvulana inapogunduliwa, Rosa hupigwa, na kutokana na kipigo hicho msimulizi hujenga mnyororo mrefu: woga wa nyumbani huzaa ujinga juu ya wanaume, ujinga huzaa kuponyoka mara tu binti anapokuwa mbali na macho ya baba, na kuponyoka huishia katika utoaji mimba, aibu na kujiua.

Neno mnyororo linafaa hapa. Sentensi za riwaya hii ni fupi au za kadiri, lakini zimeungwa. Msimulizi wa nafsi ya tatu anajua yaliyomo moyoni mwa kila mtu na hachelei kusimamisha hadithi ili aseme maoni yake juu ya malezi, wazazi na watu wenye vyeo wanaowavizia wasichana. Ni mtindo wa mtu mwenye hasira anayetaka aeleweke. Na alieleweka: riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kabla ya kurudishwa baadaye. Inafaa kukumbukwa kwamba kilichowashtua wakubwa si maudhui peke yake, kwa sababu mimba za wanafunzi hazikuwa siri kwa mtu yeyote. Kilichowashtua ni nathari iliyoyataja mambo hayo kwa majina yake, bila tafsida ambayo adabu ya Kiswahili cha vitabuni iliitarajia.

Hata jina la riwaya linastahili kutazamwa. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania, ambayo Wakatoliki wa Kiswahili hulitamka Waridi lenye fumbo. Kumpa binti wa Ukerewe jina hilo na kisha kumpitisha katika maisha hayo ni kejeli nzito, lakini bado ni kejeli ya jina linalosema jambo. Hapo Kezilahabi hajatoka mbali sana na Shaaban Robert. Amegeuza tu upande wa sarafu.

Kisha inakuja sehemu ambayo mgawanyo wa mafungu mawili hauna mahali pa kuiweka. Baada ya Rosa na baba yake kufa, hadithi haimaliziki. Inawafuata hadi mbele ya Mungu, ambako binti na baba wanashtakiana juu ya nani aliyeharibu maisha ya nani. Msimulizi anaieleza mahakama hiyo ya mbinguni kwa sauti ileile aliyoitumia kueleza Namagondo. Habadilishi mwendo wa sentensi wala haombi radhi kwa kuvuka mpaka wa kifo. Mhakiki anayesema kwamba Kezilahabi aliuacha uhalisia mwaka 1990 hana budi kueleza sura hiyo ya mwaka 1971. Lililokosekana mwaka huo halikuwa ujasiri wa kuingia ulimwengu mwingine. Hata huko mbinguni, msimulizi alikuwa bado anataka kesi iamuliwe na sababu zitajwe.

Hukumu yapata mgonjwa

Hatua kubwa ya kwanza ilitokea miaka mitatu baadaye. Katika Kichwamaji usimulizi unakabidhiwa kwa Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesema kwa nafsi ya kwanza. Wahakiki wamekijadili sana kitabu hiki kwa upande wa falsafa, hasa kwa kukilinganisha na udhanaishi wa Ulaya. Kwa upande wa mtindo, tukio muhimu ni kwamba maoni hayakupungua bali yamebadilisha mwenyewe. Kazimoto hutafakari bila kukoma juu ya Mungu, elimu, ndoa na maana ya kuishi. Aya zake hurefuka na maswali hufuatana. Anapojibu swali moja, jibu huzaa mengine mawili. Hii ndiyo nathari yenye maelezo mengi kuliko zote alizoandika Kezilahabi.

Hata hivyo msomaji hana tena sababu ya kuyaamini maelezo hayo. Yule anayeeleza amejaa kiburi cha msomi na chuki ya kulipiza kisasi kwa rafiki wa utotoni, Manase, aliyemharibia dada yake. Naye huelekea kifo chake kwa mkono wake mwenyewe. Msimulizi wa Rosa Mistika alikuwa hakimu aliyeketi juu ya hadithi. Kazimoto ni hakimu aliye kizimbani. Kila anapounganisha jambo na sababu yake kwa ufasaha, msomaji hulazimika kujiuliza kama muunganiko huo ni wa dunia au ni wa maradhi ya Kazimoto. Kuanzia hapo neno kwa sababu, katika nathari ya Kezilahabi, haliaminiki kama zamani.

Dunia Uwanja wa Fujo hairefushi njia hiyo. Inarudi kwenye nafsi ya tatu na kumfuata Tumaini kutoka urithi aliouponda hadi ukulima wa kitajiri, kisha hadi siku anapomuua kiongozi wa serikali baada ya sera ya ujamaa kumfikia mlangoni. Mwendo wake ni wa kasi na miaka hupita katika sentensi chache. Kama mtindo, ni riwaya isiyo na mengi mapya, ijapokuwa kasi hiyo inafundisha kitu: matukio yakiharakishwa vya kutosha, sababu huanza kuachwa nyuma, na fujo inayotajwa katika jina la kitabu huonekana katika upangaji wa aya kabla ya kuonekana katika maisha ya mhusika.

Lugha ya jukwaani

Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, mara nyingi husomwa kwa ajili ya msimamo wake juu ya ujamaa. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967, na kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja kulishika kasi kati ya 1973 na 1976, mara nyingi kwa nguvu. Riwaya inachukua historia hiyo na kuiweka katika vijiji vya kubuni kama Kisole, pamoja na vijana wasomi wenye majina ya Mambosasa na Mamboleo. Majina hayo yanachekesha. Katika Adili na Utubora jina lilimtukuza mhusika; katika Mambosasa jina ni kaulimbiu iliyovalishwa mtu.

Hilo ndilo jambo jipya la riwaya hii kwa upande wa nathari. Ndani yake mna aina nyingi za lugha zinazogongana: hotuba ya mkutano, mazungumzo ya kilabuni, ubishi wa wazee, majigambo ya waliotoka chuoni. Msimulizi yupo, lakini amejibana pembeni. Huziacha lugha hizo zisemane zenyewe, na kejeli hutokea pale hotuba inapotua juu ya kijiji kisichofanana nayo. Msomaji anayetafuta aambiwe wazi nani mwenye haki hapati sentensi ya kumridhisha. Wakati uleule Kezilahabi aliandika tamthiliya ya Kaptula la Marx, dhihaka kali juu ya viongozi wanaovaa vazi la nadharia lisilowaenea, ambayo haikuchapishwa hadi mwaka 1999.

Hapa inafaa kupendekeza sababu ya mabadiliko yaliyofuata, kwa kuwa ile inayotajwa kwa kawaida, yaani kwamba Kezilahabi alisoma nadharia za Magharibi akaathirika, inaeleza kidogo mno. Sentensi yenye kufafanua, sentensi ya kwa hiyo na ndiyo maana, haikuwa mali ya riwaya peke yake katika Tanzania ya miaka ya 1970. Ilikuwa sentensi ya redio, ya gazeti la chama, ya mkutano chini ya mwembe. Mwananchi alielezwa sababu za kuhama, sababu za kulima pamoja, sababu za kukosa sukari. Mwandishi aliyeanza kazi yake kwa kueleza jamii sababu za maovu yake alijikuta anatumia sarufi ileile inayotumiwa na jukwaa. Katika Gamba la Nyoka aliiweka sarufi hiyo midomoni mwa wengine ili isikike ilivyo. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuirudisha kinywani mwa msimulizi kana kwamba haikuchakaa.

Miaka kumi na mmoja bila riwaya

Kati ya Gamba la Nyoka na Nagona ulipita muda wa miaka 11 ambao katika orodha ya riwaya unaonekana mtupu. Kwa kweli ulikuwa na kazi mbili zinazohusika.

Ya kwanza ni ushairi. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Kichwamaji, Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyomwingiza katikati ya ugomvi juu ya mashairi huru. Watetezi wa vina na mizani waliona kwamba shairi lisilo na vina si shairi la Kiswahili. Utangulizi wake ulitetea ushairi unaotumia lugha ya kawaida, ile watu wanayozungumza kila siku. Mwaka 1988, miaka miwili kabla ya Nagona, ilitoka diwani ya pili, Karibu Ndani. Mtu anayesoma kazi hizi kwa mfuatano wa miaka badala ya kuzitenga kwa tanzu ataona kwamba mtindo wa riwaya za mwisho ulifanyiwa mazoezi katika shairi huru.

Mfano mdogo wa kubuni unatosha kuonyesha jinsi. Sentensi ya nathari ya kueleza ingesema: Mzee hakufungua mlango kwa sababu aliogopa wageni. Mshairi asiyefungwa na vina anaweza kuandika mistari miwili: Wageni walibisha hodi. Mzee aliutazama mlango. Hakuna neno gumu katika mistari hiyo. Kilichoondolewa ni kwa sababu, pamoja na aliogopa, yaani kiungo na hukumu juu ya hali ya moyo. Nafasi kati ya sentensi mbili imepewa kazi iliyokuwa ya kiunganishi, na anayeifanya kazi hiyo ni msomaji. Pengine mzee aliogopa. Pengine alikuwa akiwangoja wageni hao kwa miaka mingi. Katika shairi la mistari 20 msomaji huikubali kazi hiyo bila kunung'unika, kwa kuwa amezoea kwamba ushairi unadai. Kezilahabi aliihamishia katika kurasa 60 za nathari, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanza.

Kazi ya pili ni tasnifu ya uzamivu aliyoiwasilisha mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ndani yake alipinga mazoea ya kuisoma fasihi ya Afrika kana kwamba ni kioo kinachoakisi kitu kilichoko nje yake, na pia utengano kati ya anayejua na kinachojuliwa. Haitakuwa haki kuzichukulia riwaya mbili za mwisho kuwa mifano iliyotungwa ili kuthibitisha hoja hiyo. Lakini ni dhahiri kwamba mwandishi aliyefikia kutilia shaka kioo hangeweza kuendelea kuandika Namagondo kama alivyoiandika mwaka 1971.

Sentensi iliyobaki

Nagona na Mzingile ni vitabu vidogo. Hakuna hata kimoja kinachofika kurasa 80. Vyote viwili husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, jambo linalovirudisha kwenye Kichwamaji, lakini huyu mimi si Kazimoto. Kazimoto alikuwa na ukoo, chuo, kijiji, maadui na maoni yasiyohesabika. Msimulizi wa Nagona huwa na macho, masikio na miguu. Anatembea, anaona, anasikia, anaulizwa, anajibu. Vitenzi vyake hufuatana kama hatua za mtu katika njia yenye giza, kila kimoja kikibeba tendo moja na kutua. Kuhusu anachokifikiria juu ya anachokiona, mara nyingi hasemi.

Majina ya mahali yametoweka, na nafasi yake imechukuliwa na nomino zinazojulikana na kila mtu: njia, mji, ukimya, mwanga, giza, mzee. Maneno haya hurudi tena na tena, na kila yanaporudi huongezeka uzito bila kufafanuliwa. Takriri katika Rosa Mistika ilikuwa ya kusisitiza hoja. Hapa ndiyo njia pekee ya msomaji kujenga maana, kwa kukumbuka neno lilikuwa wapi mara ya mwisho lilipotajwa. Ni utaratibu unaofanana zaidi na wimbo wa ngano, ambao hadhira huuitikia kila unaporudi, kuliko hoja ya insha.

Mazungumzo nayo yamebadilika. Wahusika wa riwaya za mwanzo huzungumza wakiwa na jambo la kupatana au kugombania, na salamu, utani na heshima ya umri huonyesha nani ni nani. Katika riwaya hizi mbili maswali hupewa majibu yanayofunga kidogo na kufungua zaidi, kwa namna inayokumbusha kitendawili na katekisimu kwa pamoja. Padri na maungamo yamo katika Nagona, lakini mfumo wa dini uliokuwa ukieleza dhambi na adhabu umebaki kama gofu ambalo sauti husikika ndani yake. Katika Mzingile msimulizi hutumwa kwenda kwa mzee mmoja kumpelekea habari ya kifo cha mwanawe. Msomaji Mkristo hufikiri jambo moja. Msomaji anayejua simulizi za Kanda ya Ziwa juu ya mtoto wa ajabu hufikiri lingine, na riwaya haimsaidii yeyote kati yao kumshinda mwenzake. Mwaka 1971 kesi ilifika mbinguni ili iamuliwe. Mwaka 1991 mjumbe anafika kwa mzee, na hakimu hayupo.

Je, basi, lawama ya kuwapa kisogo wasomaji ina ukweli? Ina ukweli wa sehemu, na sehemu yenyewe inaweza kuonyeshwa kwa kidole. Nagona inawaleta katika hadithi wanafalsafa na wanasayansi wa Ulaya, kama Nietzsche, Marx na Freud, na katika kurasa hizo msomaji asiyewahi kufika maktaba ya chuo kikuu hubaki nje ya mlango. Si kwa sababu ya Kiswahili kigumu. Ni kwa sababu jina la mwanafalsafa ni ufupisho wa maelezo marefu yaliyoandikwa kwingine. Kwa maneno mengine, ni maelezo yaliyorudi kwa mlango wa nyuma. Hapo mtindo unajisaliti, na kurasa hizo ndizo dhaifu kuliko zote katika kitabu, licha ya kwamba ndizo zinazopendwa zaidi na waandika tasnifu. Mzingile huegemea zaidi masimulizi, na kwa hiyo huomba kidogo kwa msomaji wake. Anayeweza kukaa na ngano yenye zimwi bila kuuliza zimwi lilizaliwa wapi anaweza kukaa na Mzingile.

Kwingineko lawama haisimami. Mwandishi anayeondoa kwa sababu hamwondolei msomaji wa kawaida kitu alichokuwa akikihitaji, anamwondolea msimamizi. Mkulima aliyehamishwa kwa operesheni na kuelezwa sababu zake kwenye mkutano alikuwa na uzoefu mkubwa wa maelezo yasiyoeleza. Ikiwa kuna msomaji anayepata taabu ya kweli mbele ya riwaya hizi, ni yule aliyefundishwa shuleni kwamba kila kazi ya fasihi ina dhamira zinazoweza kuorodheshwa na ujumbe unaoweza kuandikwa katika mstari mmoja wa karatasi ya mtihani. Msomaji huyo ni zao la mtaala, wala si kipimo cha Waswahili wote.

Baada ya Mzingile

Kezilahabi hakuchapisha riwaya nyingine hadi alipofariki tarehe 9 Januari 2020. Diwani ya tatu, Dhifa, ilitoka mwaka 2008. Wahakiki hutaja kwa haki kwamba Nagona na Mzingile zilifungua njia kwa riwaya kama Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila. Wafu wanaofufuka, safari zisizo na ramani na malaika wenye shughuli za kisiasa vilipata uhuru wa kuingia katika riwaya ya Kiswahili bila kuomba ruhusa.

Ila kilichorithiwa kwa wingi ni matukio ya ajabu zaidi kuliko sentensi. Ulimwengu wa Bina-Adamu! ni wa kindoto, lakini msomaji hutambua mapema kwamba shabaha ni utandawazi na madhara yake kwa Afrika. Aliyefufuka katika kitabu cha Said Ahmed Mohamed huja kumsuta kiongozi wa leo, na sababu ya kumsuta inaeleweka. Katika riwaya hizo kejeli ya jamii imerudishiwa anwani yake. Nathari ya Mzingile, inayomwacha msomaji hata bila jina la tatizo, haijapata wafuasi wengi katika riwaya, na ufundi huo wa nafasi kati ya sentensi mbili husomwa zaidi leo pale Kezilahabi alipouanzia, katika shairi lisilo na vina.